Sheria ya Chemchemi

Siku ile barazani, upande wa Njombe kuelekea Makambako, tulikuwepo chifu wetu, karani wake, bwana misitu wa Kizungu, wazee wanne, mimi mshtakiwa na wadogo zangu watatu. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami nilikuwa nimeacha shule ili niwalee. Kosa langu ni kukata mti kwenye chemchemi, nipate mbao za paa.

"Amri mpya inasema jela miezi miwili," alisema bwana misitu.

Mzee mmoja akamuuliza, "Na hawa watatu utawapikia wewe, bwana?"

Watu wakacheka. Chifu akaeleza kwamba kijijini kwetu chemchemi ilikuwa na sheria yake tangu zamani: aliyekata mmoja hupanda mitano, akaitunza mpaka itoe kivuli. Walibishana hadi mchana. Mwishowe bwana misitu akakubali, karani akaiandika sheria yetu ndani ya ile amri, nami nikarudi nyumbani na wadogo zangu.

Nilipanda mitano. Baridi ya Julai ikaua miwili, na mti uliokufa hauhesabiwi. Nimerudia kuipanda mara tatu, haijashika. Miwili hiyo nadaiwa hadi leo.