Tochi ya Scola wa Kibirizi

Scola hakuzaliwa kipofu. Presha ya macho ilimla taratibu, na mwaka mumewe alipofia ziwani ikawa imemaliza kazi. Akabaki na mtumbwi, injini na ulimi mkali.

Tochi alitengenezewa na Meshack, fundi simu wa Mwandiga. Alichukua mkanda wa tochi ya kichwani, zile za wavuvi, akang'oa taa, akafunga kamera ya simu mbovu na spika ya redio. Ukiielekeza kwenye maandishi ya kuchapwa inasoma kwa sauti. Ya mkono inashindwa, inakoroma tu.

Jioni moja Samson, mdogo wa marehemu, akamfuata pale mtumbwini na karatasi na wino.

"Shemeji, weka dole hapa. Ni leseni ya uvuvi."

Akauona ule mkanda kichwani kwa Scola, akacheka mpaka akapaliwa. "Yewe! Kipofu na tochi! Unamulika nini sasa?"

"Wezi," Scola akajibu. Akainua karatasi usoni, akabonyeza.

Samson angeandika kwa mkono angepona. Lakini alitaka ionekane ya kiserikali, akaenda kuichapisha mjini. Spika ikapayuka, ufukwe mzima ukasikia: "Mimi Scola, kwa hiari yangu, mtumbwi na injini nimemkabidhi Samson, viwe mali yake daima."

Kofi likamlaza mchangani. Samson akaung'oa mkanda pamoja na nywele, akaukanyaga mpaka ukanyamaza. Akamkandamiza kwa goti kifuani, akamkamata dole gumba, akalichovya kwenye wino.

"Utaweka, hata ukiwa maiti!"

Scola akauma. Akauma ule mkono mpaka meno yakagonga mfupa. Ngumi ikamtoa mawili, hakuachia. Samson alipojichomoa akilia, Scola akapapasa karatasi, akaitia mdomoni, akaimeza na damu yake.

Leonia, mwanika dagaa, akafika na kafi. Pigo la kwanza lilivunja kiwiko cha Samson. Wanawake wengine wakamshukia kwa mateke, wakamchana uso, mpaka Scola akafoka: "Basi! Msiniulie mtu kwenye mtumbwi wangu!"

Samson akatambaa, mkono unaning'inia.

Wavuvi wa Scola walikuwa wamesimama tu, hawajui bosi nani. Scola akatema damu, akapapasa ubavu wa mtumbwi mpaka akaigusa injini.

"Nani kawaambia leo hatuendi? Sukumeni!"

Wakasukuma.