Migomba Isiyojua Panga

Nilipokuwa msichana mdogo, nje kidogo ya Buleusa, njia ya mtoni ilipita kando ya mahame ambayo watu waliyapita wakishusha sauti. Zamani kijiji chetu kilikuwa pale. Nyumba zilioza, migomba ikabaki, na kila shina lilikuwa na jina la mama aliyelipanda. Panga halikuingia humo. Tuliambiwa wazee wanasikia harufu ya chuma. Wakiisikia wanaondoka, na migomba inawafuata.

Tate, mama yake baba yangu, alisali rozari kila jioni na aliamini hayo pia. Mawili hayo hayakugombana moyoni mwake.

Siku moja papa mdogo, mdogo wake baba yangu, alitaka ndizi za kukamua pombe ya ndoa yake. Alitoka moja kwa moja shambani kwake, panga linadondosha utomvu. Tate akamzuia njiani.

"Acha mupanga hapa inje."

"Mama, bale bantu balishakufa. Nani iko naogopa mupanga?"

"Mimi. Na siyakufa bado."

"Basi nikate na meno?"

"Jaribu. Muke yako ataolewa na kibogoyo."

Papa mdogo alicheka kwa hasira, akalichomeka panga kwenye tope, akaingia, mimi na Tate nyuma yake. Tuliinamisha mashina kwa mabega, tukanyonga mikungu kwa mikono. Tulimaliza jua likizama.

Mvua zilizofuata zilikuja na ugonjwa. Majani yalinyauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na ndizi ikikatwa ilitoa usaha wa manjano. Shamba la papa mdogo lilitangulia kufa. Alikata na kukata ili auzuie ugonjwa, akaenda kuwasaidia majirani kukata, na kilima baada ya kilima kikawa cha manjano. Mahame peke yake yalibaki kijani.

Akaja asubuhi moja, mikono mitupu. Mkewe alikuwa na mimba, na nyumbani hakukuwa na cha kupika. Alisimama nje kama mgeni.

"Mama, unipe hata chipukizi moja."

Tate hakumcheka. Alimpa mti uliochongwa ncha, akamwonyesha shina.

"Chimbula pole pole. Huyu njo mama yangu."

Miaka mingi baadaye, chuoni Goma, nilifundishwa kwamba ugonjwa ule husafiri na utomvu kwenye makali ya panga, kutoka mgomba hadi mgomba. Niliandika kama wenzangu. Lakini sidhani wazee walijua habari za vijidudu. Nadhani walitaka tu mtu akiingia pale aingie taratibu, kama anayepiga hodi.

Sasa vijana wa ukoo wetu wanataka kufyeka pale walime maharage. Nawaelewa, maharage yanashibisha. Wakiniuliza pale pana nini, nawaomba waache mapanga njiani, tunaingia, nawaonyesha shina moja moja na kulitaja jina. Wengine hukuta jina la bibi yao. Wakitoka huyachukua mapanga yao na kwenda zao nyumbani, na mpaka leo hakuna aliyekata.