Paa Lililoliwa na Ng'ombe

Nakumbuka nimesimama katikati ya nyasi zinazonifika kiunoni, mwanangu Kabula mgongoni, nacheka peke yangu. Mwanangu unayenisoma, mimi nilikuwa mtu wa kuota mchana kweupe. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini kichwani nilikuwa nimeshajenga nyumba ya bati yenye dirisha la kioo, na cherehani pembeni.

Nyasi zile zilikuwa ngitili yetu. Kwetu, nje kidogo ya Shinyanga, kila kaya ilifunga kipande cha malisho mvua zikianza, na ng'ombe hakukanyaga humo mpaka kiangazi kikali, majani ya kwingine yakiisha. Wakubwa walihesabu hiyo kuwa akiba. Mimi niliona ardhi imelala bure. Miaka ile kila mdomo ulisema pamba, nami nikamsumbua mume wangu Masanja mpaka akakubali tulime ngitili yote, pamoja na sehemu kubwa ya shamba la mtama.

Mama mkwe, tuliyemwita Mayu, aliishi kwenye nyumba yake ya nyasi ng'ambo ya zizi. Aliposikia plau alikuja akasimama mbele ya maksai.

"Mama Kabula, hayo unayoyapindua ni maziwa ya mwanao ya mwezi wa kumi."

"Mayu, pamba ikiuzwa nitamnunulia maziwa ya kopo!"

"Hilo kopo linazaa?"

Wanaume walioshika plau wakacheka. Mimi nikacheka kuwazidi. Kabula naye akacheka, kwa sababu mama yake anacheka.

Pamba ilikubali. Nilizing'oa nyasi za paa letu kwa mikono yangu, nikazichoma, bati likapanda. Majirani walikuja kuligonga wasikie mlio wake. Walinitania, "Bibi wa bati, hujambo?" Nami niliitika kwa raha.

Mwaka uliofuata mvua haikuja. Pamba ilisimama urefu wa kiganja, ikakauka. Masanja akaenda Geita kutafuta kibarua kwenye machimbo ya dhahabu. Mimi nilikuwa na mimba nyingine, Kabula nimeshamwachisha ziwa, na uji wa udaga, ule unga wa muhogo mkavu, ulikuwa unamharisha. Kitu pekee kilichokaa tumboni mwake kilikuwa maziwa. Ng'ombe wetu walikufa mpaka akabaki mmoja mwekundu, mwenye ndama, mbavu zake unaziona ukiwa mbali.

Nilikwenda kwa jirani yetu, Mzee Luhende, kumwomba ng'ombe huyo aingie kwenye ngitili yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeshajua ulichofuata. Nikimfungulia wako, wangu wale nini? Kamlishe bati."

Kisha akaona haya, mzee wa watu. Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa hakijafika nusu, akanipa bila kunitazama.

Niliporudi nilimkuta Mayu juu ya nyumba yake. Alikuwa anang'oa nyasi alizoezekea msimu uliopita na kumtupia ng'ombe chini.

"Nyunyizia maji ya chumvi," alisema, "asizikatae."

Ng'ombe alikula. Kwa siku kadhaa Kabula alikunywa maziwa ya paa la bibi yake, kikombe kidogo kila asubuhi. Akaanza kuniita tena. Na mimi, kwa tabia yangu, nikaanza kuota tena.

Halafu paa likaisha. Zilibaki fito, jua likaingia mpaka kitandani kwa Mayu. Niligeuka kutazama nyumba yangu. Bati lilikuwa linang'aa, halina hata unyasi mmoja.

Ng'ombe alianguka, hakuinuka. Siku ya tatu nilikuwa natoka kisimani, Kabula mgongoni. Nilidhani amelala. Mayu ndiye aliyemfungua kwenye kanga, akamshika, akakaa naye chini.

Baada ya mazishi nilimwomba anitukane.

"Nikikutukana utalia," alisema, "na ukilia utachoka. Kalete panga, tukakate miiba."

Tukakata miiba, mimi na tumbo langu, yeye na uzee wake, tukaizungusha pale palipokuwa na ngitili, nyasi ziote tena. Alihamia chini ya bati langu. Joto lilimtesa mpaka anakufa.

Mwanangu, nyumba nzuri itake tu, sikukatazi kuota. Lakini kabla hujapandisha bati, nenda nyuma ya nyumba uangalie mwanao atakula nini mwezi wa kumi. Funga kipande cha nyasi, hata kama ni kidogo na watu wanakucheka. Viazi vikiwa vingi, usione uvivu wa kuvikata na kuvianika juu ya mawe viwe michembe, hata utomvu ukikuchafua mikono. Majani ya kunde yachemshe uyakaushe. Kihenge chako cha nafaka kiinue juu ya mawe, kikandike kwa mavi ya ng'ombe, na usikifungue kwa ajili ya kumfurahisha mgeni. Na mtu mzima akisimama mbele ya plau yako, simamisha maksai kwanza, ucheke baadaye.

Masanja alirudi na fedha ya ng'ombe mmoja, na mdogo wake Kabula alikunywa maziwa ya ngitili ile. Mungu akupe paa lisilovuja, mwanangu, na nyuma ya nyumba akujalie nyasi ambazo hujazigusa.