Gari Letu Jekundu Lilivyokwenda Mazishini Peke Yake

Gari langu liliwahi kuhudhuria mazishi ya mtu nisiyemjua.

Lilifika kaburini kabla yangu. Ndani hakukuwa na dereva. Na lilikwenda kinyumenyume.

Usicheke bado. Ngoja nikupe yote kuanzia mwanzo, maana hata mimi nimeanza kucheka juzijuzi tu.

Naitwa Maren. Nina mume, Colby, na binti, Opal, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne. Mwezi wa tano mwaka jana Colby alipata kazi ya kukarabati mitambo ya upepo, Nebraska magharibi, mkataba wa miaka miwili. Nyumba za kupanga kule zilikuwa zimejaa mafundi wenzake. Baba mkwe wangu, mzee Verlin, akatupa gari-nyumba lake.

Dogo. Futi ishirini na nne. Kitanda nyuma, jiko la mioto miwili, na choo ambacho ukikaa magoti yanagonga mlango.

Tulishukuru sana. Halafu likaja swali ambalo nusura livunje familia.

Tuvute gari nyuma, au tusivute?

Mimi nilikuwa na gari langu jekundu, dogo, milango miwili, gia za mkono. Zee, lakini langu. Nilitaka tulifunge kwa chuma nyuma ya gari-nyumba, lije linatufuata kwa magurudumu yake yote manne, kama watu wengi wanavyofanya.

Mzee Verlin alisikia kama nimemtukana.

"Binti yangu, gari-nyumba dogo maana yake nini? Unaegesha popote, unageuza popote. Ukishalifunga mkia umeliharibu."

"Baba, na nikitaka maziwa?"

"Unaliendesha lenyewe mpaka dukani."

"Nichomoe umeme, nichomoe maji, nichomoe bomba la choo, nifunge makabati yote, nitoe vikombe mezani. Kwa ajili ya maziwa."

"Nunua maziwa mengi."

Colby akajifanya anakunywa kahawa. Kikombe kilikuwa kitupu.

Ila mimi sikuwa na shida na maziwa. Kwa majira mawili ya baridi nilikuwa namlaza Opal, kisha nakwenda darasani usiku kusomea usaidizi wa daktari wa meno. Cheti nilikuwa nacho, kwenye bahasha, chini ya mto. Na kliniki ya meno ya mji unaoitwa Kettle Bluff ilikuwa imenijibu: njoo kwenye usaili, Ijumaa, saa nane mchana.

Kambi tuliyopata ya kuegesha ilikuwa maili kumi na nane kutoka mjini. Colby angechukuliwa na gari la kazini kila alfajiri. Bila gari langu, ningebaki kambini na mtoto, tukitazama nyasi zinavyolala kwa upepo.

Kwa hiyo wenzangu walikuwa wanabishana kuhusu gari. Mimi nilikuwa nabishania kazi.

"Tunavuta," Colby akasema siku ya tatu. Nampendea hilo. Husema kidogo, lakini akisema amesema.

Mzee Verlin hakubisha tena. Alikuja na ubao mweupe na rangi nyeusi, akaandika kwa herufi kubwa, akaubandika kwenye kioo cha nyuma cha gari langu:

SIJUI TUNAENDA WAPI. MIMI NAFUATA TU.

"Angalau wanaokuja nyuma yenu wapate kucheka," akasema. Halafu akaacha utani. "Sikilizeni. Likishafungwa hilo, hamrudi nyuma tena. Hata hatua tatu. Magurudumu ya mbele yatajikunja na chuma kitapinda. Mkiingia pabaya, ni kufungua tu."

Basi nikaandika utaratibu kwenye daftari langu la darasani. Kufungua: mimi naingia kwenye gari, navuta handibreki, naweka gia, nasema "Breki." Colby akisikia "Breki," anachomoa pini zinazoshika chuma cha kuvutia.

Neno moja tu. Mtu utalikoseaje?

Ijumaa ilipofika, saa tano asubuhi, tulikuwa tunakaribia Kettle Bluff. Blauzi ya usaili nilikuwa nimeshaivaa, nyeupe, imepigwa pasi. Mpango ulikuwa tuegeshe mjini, Colby abaki na mtoto, mimi niingie kliniki kama mtu anayejielewa.

Penye njia panda ya maghala ya nafaka tukakuta foleni ya magari, yote yamewasha taa. Sisi pia tulikuwa tumewasha, maana tukivuta gari huwa hatuzimi. Askari wa trafiki akasimamisha kila mtu. Akatutazama, akaona taa zetu, akavua kofia, akatupungia tuingie kwenye mstari.

"Watu wa huku wana heshima," Colby akasema.

Tukaingia.

Ndipo nikaliona gari refu jeusi la kubebea jeneza kule mbele, nikaelewa kwamba zile taa zilikuwa za msafara wa mazishi.

"Colby."

"Nimeliona."

"Toka."

"Nitokee wapi, mke wangu?"

Mbele pikapu, nyuma pikapu. Opal akabandika pua kiooni. "Mama, tunaenda kwenye sherehe?"

"Ya aina fulani," nikamjibu.

Lango la makaburini lilikuwa jembamba, na nyuma yetu kulikuwa na magari kumi na manne. Kurudi nyuma hatuwezi. Kila nikikumbuka sauti ya mzee Verlin, masikio yananiwaka.

Mlinzi wa makaburi akatupungia tupite, tupande juu ya kilima, ili wengine waegeshe kwenye nyasi. Tukapita pembeni ya hema, pembeni ya viti vya kukunja, pembeni ya kaburi lenyewe. Nikainamisha kichwa kwa heshima. Mtu mmoja akaniinamishia pia.

Juu kabisa, njia ikaishia kwenye bomba la maji na uzio. Hakuna pa kugeuzia hata baiskeli.

"Tunafungua," Colby akanong'ona. Sauti ya mchungaji ilikuwa inatufikia kwa upepo.

"Mama, nataka kukojoa," Opal akasema.

Nikambeba kwa mkono mmoja, nikafungua mlango wa gari langu kwa mkono mwingine, nikakaa nusu kalio. Nikaweka mkono kwenye handibreki. Naapa, niliuweka.

"Breki?" Colby akauliza, ameinama kwenye pini.

"Mama, inatoka."

"Breki," nikasema, nikaruka nje na mtoto wangu.

Tik. Tik. Pini zikatoka.

Na gari likatuaga.

Lilianza polepole, kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau kitu nyumbani. Colby akashika boneti kwa mikono miwili. Boneti haina pa kushika. Gari linashuka kinyumenyume, yeye analifuata ameinama, kama anaposa.

"Simama. Simama basi. Tafadhali."

Ndala yake moja ikabaki njiani.

Kule chini watu wakageuka. Mchungaji akanyamaza katikati ya sentensi. Kioo cha nyuma kikawajia moja kwa moja, ubao mweupe, herufi nyeusi: SIJUI TUNAENDA WAPI. MIMI NAFUATA TU.

Likaacha njia, likapita kwenye nyasi, likakwepa viti kwa kipimo cha kiganja, likaenda kutua kwenye lundo la udongo lililofunikwa zulia la kijani la plastiki. Puf. Shada moja la maua likainama, likalala juu ya buti.

Kimya. Upepo tu.

Kwenye kimya hicho Opal akasema, kwa sauti yake ile ya kusikika mtaa wa pili, "Mama, imeshatoka."

Imetoka kweli. Kwenye blauzi ya usaili.

Nikashuka kile kilima nusu nikikimbia. Kwenye kiti cha mbele bibi mmoja mwenye koti la kijivu akasimama kwa fimbo yake, akalisogelea gari, akausoma ubao. Akausoma tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimemliza mjane siku ya kumzika mumewe, na nikatamani lile shimo linichukue mimi.

Nilipofika karibu nikaona. Alikuwa anacheka.

"Milo," akaliambia jeneza, "miaka thelathini na nane nakuomba tuvute gari nyuma ya kile kijinyumba chako cha magurudumu. Miaka thelathini na nane unaniambia haiwezekani. Haya. Limekuja lenyewe."

Kicheko kikaanzia kwake, kikazunguka hema zima. Mchungaji akaficha uso kwenye kitabu.

Kabla sijafungua mdomo, Colby akanitangulia, mguu mmoja peku.

"Kosa ni langu, mama. Mimi ndiye niliyesahau breki."

Alisema bila kupepesa. Na mimi nikanyamaza. Nakwambia ukweli, nilinyamaza.

Wanaume sita wakalisukuma gari mpaka njiani. Yule mjane, Bi Arlene, akatushika wote watatu kwa macho. "Hamwondoki bila kula. Na huyo mtoto anahitaji suruali."

Baada ya maziko, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, kulikuwa na meza ndefu za mikate ya nyama, viazi vya mayonizi, na keki za kila nyumba. Opal akapatiwa suruali kutoka kwenye boksi la watoto wa shule ya Jumapili, akajiona malkia. Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu.

Nikamfuata mama mmoja aliyekuwa anamimina kahawa, mikono ya gauni ameikunja, macho mekundu.

"Samahani dada, kliniki ya meno iko mbali na hapa? Nina usaili saa nane."

Akaweka birika chini.

"Usaili wa kazi gani?"

"Usaidizi wa daktari."

"Kliniki imefungwa leo, dada. Tumemzika aliyeianzisha." Akafuta mikono kwenye aproni. "Ni baba yangu. Mimi ndiye daktari, naitwa Kari. Tulikutumia ujumbe jana jioni."

Jana jioni tulikuwa tumelala mahali ambapo simu haishiki mtandao, na hata redio ilikuwa inakoroma tu.

Nikajikuta nafunika blauzi kwa sahani ya viazi.

Daktari Kari akamgeukia Colby, aliyekuwa kando yangu na sahani yake. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyesahau breki."

"Ndiyo, mimi," Colby akasema, mdomo umejaa.

Pale ndipo niliposimama na nafsi yangu. Ningeweza kuuacha uongo ule upite. Ulikuwa uongo wa upendo, na kazi yangu yote, majira mawili ya baridi, usiku wote ule wa kusoma huku nikimsikilizia mtoto anavyopumua, ilikuwa imesimama mbele yangu na aproni ya kahawa.

"Hapana," nikasema. "Ni mimi. Nilisema 'breki' kabla sijaivuta."

Colby akaacha kutafuna.

"Najua," Daktari Kari akasema. "Nilikuwa nimesimama natazama kilimani. Aliyekuwa ndani ya gari ni wewe, ukaruka na mtoto; yeye alikuwa nje, ameinama kwenye pini."

Nikaishusha ile sahani ya viazi.

"Sikiliza. Msaidizi wangu akiniambia vifaa vimechemshwa, mimi siendi kukagua. Naviingiza mdomoni mwa mtu. Kukosea kila mtu hukosea, dada. Nahitaji mtu ambaye akikosea ataniambia kabla sijamuuliza."

"Lakini mimi umeniuliza."

"Wewe sikukuuliza. Nilimuuliza yeye." Akachukua birika lake. "Jumatatu, saa mbili asubuhi. Usaili uko palepale, sikupunguzii hata swali. Na gari uje nalo, ila liegeshe mahali tambarare."

Tukiwa bado nje ya kanisa nilimpigia mzee Verlin, nikamsimulia yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo lilirudi nyuma," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Hatua ngapi?"

"Kama mia na zaidi."

"Na mimi niliwaambia hata tatu haliwezi."

Mpaka leo hajaacha kunitania. Jumatatu nilijibu kila swali, na kazi nikapata. Natimiza mwaka mwezi ujao. Bi Arlene naye amefungisha chuma nyuma ya gari-nyumba la marehemu, na kwenye gari analovuta ameweka ubao wetu. Aliuomba mwenyewe, tukampa.

Watu wa kambini bado wananiuliza: gari-nyumba dogo, tuvute gari au tuache? Nawaambia vuteni. Ila msiseme "breki" kwa sababu mwenzenu anaisubiri, wala kwa sababu mnachelewa, wala kwa sababu mlikuwa karibu kuivuta. Semeni mkono ukishamaliza. Na ikitokea mmesema mapema, semeni hivyo pia, haraka, kabla mtu anayewapenda hajajitwisha kosa lenu.

Siku hizi kazi hiyo nimempa Opal. Tukitaka kufungua gari, nikishavuta, yeye anaingia, anaigusa handibreki kwa kidole chake, anaitikisa, anaitazama vizuri.

Halafu ndipo anapaza sauti ile ya mtaa wa pili: "Breki."