Chembe Iliyovuliwa Ukoo

Ukuta kati ya darasa langu na la mume wangu haufiki darini, kwa hiyo nafundisha historia huku nikisikia fizikia, nipende nisipende. Ni mtu wa kelele na mizaha. Wanafunzi humwita Atomu kwa ufupi wake. Wiki ile alinong'ona tu.

Mdogo wake alikuwa mahututi, figo zote mbili zimekufa. Mume wangu alikwenda hospitali kifua mbele akatoe yake moja. Vipimo vikaonyesha figo inafaa, ila hawa wawili si damu moja. Mama mkwe alipobanwa akakiri: alimchukua mume wangu akiwa kichanga, kabla yeye mwenyewe hajajaliwa mtoto. Nilikasirika. Siri gani hiyo ya kukaa nayo hadi mtoto anaota mvi?

Kesho yake mume wangu akafundisha chembe iitwayo myuoni.

"Mwanzoni iliwekwa kwenye ukoo wa chembe ziitwazo mesoni," nilimsikia, "kwa kuwa uzito wake uliangukia kati ya elektroni na protoni. Baadaye ikaonekana haina tabia zao. Ni jamaa ya elektroni, ila nzito kama mara mia mbili. Ikavuliwa jina la mesoni."

"Sasa, mwalimu, yenyewe ilibadilika nini?" akauliza msichana mmoja.

"Haikubadilika kitu."

Niliacha vita vyangu ubaoni nikakimbia kumtazama. Alikuwa ameegemea ubao, koti limejaa chaki, ananiangalia kama hanijui.

Jioni mama mkwe alikuja. Kwa kawaida hupiga hodi akiwa tayari sebuleni, na kabla ya salamu ameshamgombeza mwanawe kwa viatu vichafu. Safari hii alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu," akamwambia, "najua sina haki tena. Tafadhali, nakuomba, mwenzio anakufa."

"Mama, nilishasema natoa. Kwa nini unaniomba?"

"Sasa nifanyeje?"

"Niamrishe! Sema, we mtoto, kesho hospitali, usinichoshe!"

Mama akafungua mdomo. Machozi yakamtoka.

"Tafadhali," akasema tena.

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Siku ya upasuaji muuguzi aliuliza nani wa familia atamsainia mume wangu. Nilimsogezea mama mkwe kalamu, kwa heshima. Akairudisha kwangu, akasema hana uhakika kama anaruhusiwa.