Santuri Hazioshwi kwa Sabuni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja santuri mbili kabla ya saa nne asubuhi. Naanza na hilo kwa sababu huko mbele nitawalaumu watu wengine, na ni haki msomaji ajue mapema kwamba na mimi nimo.

Nilikuwa nimetoka kufua mashuka katika hoteli moja ya Watamu, hoteli ilipofungwa. Mtu mmoja wa Malindi mwenye duka la vitu vya kale nyuma ya soko alitaka mtu wa kumzungukia. Tulimwita Mnunuzi, na hata mkewe alimwita hivyo hivyo. Kazi yenyewe ilikuwa kupita maduka ya hisani kutoka Malindi mpaka Kilifi mjini, kutafuta santuri na sidii za zamani ambazo watu wa mbali wanazitaka. Duka la hisani, kwa asiyelijua, ni duka la vitu vya kupewa. Mzungu anahama nyumba yake ya ufuoni, au mzee amefariki na watoto hawana haja na vyombo vyake, basi vinapelekwa huko, vinauzwa rahisi, na kinachopatikana kinawasaidia wagonjwa.

"Unajua kushika santuri?" Mnunuzi aliniuliza.

"Najua."

Sikujua. Nilizibeba kama sahani za wali, moja juu ya nyingine, mkono mmoja. Zile za zamani kabisa, nzito, huvunjika kama kigae. Mnunuzi alivitazama vipande, akashusha pumzi.

"Hizo mbili ndizo shule yako," akasema. "Ya tatu itakuwa safari yako ya kurudi Watamu."

Akanifundisha. Santuri hushikwa ukingoni kwa viganja viwili, kama unavyomshika mtoto mashavu. Kidole hakigusi mifereji, ile mistari myembamba inamopita sindano. Unaielekeza kwenye jua uone mikwaruzo. Karatasi ya duara ya katikati ni lebo, nayo hutaja mwimbaji na wimbo. Jalada ndiyo nyumba yake. Na pale mifereji inapokwisha, karibu na lebo, pana mahali laini palipochongwa namba ndogo kama miguu ya mbu. Namba hiyo hiyo huandikwa kwenye pembe ya jalada.

"Lebo hubanduka, jalada hubadilishwa," Mnunuzi alisema. "Namba haidanganyi. Soma namba."

Nikaitikia kwa kichwa. Kusema kweli, namba nilikuwa siisomi. Lebo ilinitosha, na macho yangu hayakuwa mazuri hata wakati ule.

Nilikuwa naishi, na mpaka leo naishi, kwa mama yangu mkubwa, Bi Zuwena. Alipokuwa msichana aliitwa Mombasa akaimba wimbo mmoja katika santuri kubwa ya nyimbo za arusi. Nakala aliyopewa iliazimwa kwa shughuli ya jirani, isirudi. Tangu hapo ameishi na maneno yake matupu, kwani bintiye, Dada Saumu, hakuamini hata kidogo.

"Mama, labda ulipiga makofi," Dada Saumu humwambia, tena mbele ya wageni.

"Makofi! Ewe mwana, mimi niliimba!"

Aliposikia kazi niliyopata, Mama Mkubwa alinigeukia mimi. "Wewe unayelipwa kutafuta sauti za watu, ya mamako mkubwa utaitafuta lini?"

Nikaahidi. Alikuwa akiniuliza kila Alhamisi nikirudi, na kila Alhamisi nilikuwa na sababu.

Sababu yangu kubwa ilikuwa duka la Kibarani, pale Kilifi. Msimamizi wake alikuwa muuguzi mstaafu, mama mrefu mwenye saa ya kubana kifuani, naye aliosha kila kitu kilichoingia. Vikombe, viatu, vinyago, santuri. Beseni, sabuni ya unga, brashi.

"Mama, santuri hazioshwi kwa sabuni."

"Na uchafu uende wapi?"

"Lebo zinabanduka, mama."

"Zinazobanduka hazikugandishwa vizuri."

Akishaosha, alipanga. Majalada aliyaweka kwenye rafu ya vitabu kwa sababu ni karatasi. Santuri aliziweka kwenye rafu ya vyombo, zimesimama na sahani za kulia, kwa sababu zinafanana. Nilimweleza kwamba vile ni kitu kimoja. Akanijibu kwamba wodini alipanga hivyo kwa miaka mingi, kila aina mahali pake, na hakuna mgonjwa aliyepewa dawa ya mwenzake. Nikawa mshenga. Kila Alhamisi naozesha majalada na santuri zake, nachomoa hili kwenye vitabu vya upishi, ile kati ya sahani, naziweka pamoja. Alhamisi ya pili nakuta ameziachanisha tena.

Nisimwonee. Vitu vile vilikuja na mavi ya mende na mikojo ya paka, na duka lake ndilo pekee ambalo sikutoka na upele. Tena hakuniacha na kiu hata siku moja. Mlangoni nyuma, kivulini, alikuwa na mtungi wa maji baridi, umefunikwa kifuniko cheusi, juu yake kata. Nilikunywa kila Alhamisi.

Kwingine hakukuwa na nafuu. Kuna sanduku zima la sidii nililokosa kwa siku moja, nikaambiwa limechukuliwa na mkulima wa Junju. Nikamfuata. Nikazikuta zimetungwa kwenye kamba shambani, zinameremeta juu ya mahindi, kutishia ndege.

"Zinafaa?" nilimuuliza.

"Wiki ya kwanza zilifaa," alisema. "Sasa wanakuja kujitazama."

Sikucheka. Leo ndio nacheka.

Mwaka mmoja, kwenye rafu ya vitabu pale Kibarani, nililichomoa jalada la nyimbo za arusi. Nyuma yake, upande wa pili, wimbo wa mwisho, lilikuwapo jina la Mama Mkubwa. Nikaingiza mkono. Ndani hamna kitu. Nikaenda kwenye vyombo, nikageuza sahani zote, mpaka za udongo.

"Mama, santuri ya jalada hili iko wapi?"

"Kama haina lebo niliitoa," Msimamizi alisema. "Si wewe uliniambia?"

Ni kweli. Mimi ndiye niliyemwambia: mama, zisizo na lebo usinihifadhie, hazina jina, nani atanunua? Yeye kubandua lebo, mimi kukataa zilizobanduka. Nimelipima jambo hili mara nyingi, na kila nikilipima kosa langu linakuwa zito kidogo kuliko lake, kwa sababu yeye hakuwahi kufundishwa habari ya namba, na mimi nilifundishwa.

Nilimpelekea Mama Mkubwa jalada. Dada Saumu akalisoma, akalirudisha.

"Akina Zuwena ni wengi," akasema.

Mama Mkubwa alilishika jalada. Alinitazama mimi. "Jina nimeliona. Sasa niletee sauti."

Nikatafuta. Namba ya pembeni niliikariri hata ningeamshwa usingizini ningeitaja. Nilipita Malindi, Watamu, Kilifi, nikarudi tena, na safari hii nikasoma namba ya kila santuri, yenye lebo na isiyo na lebo, mpaka macho yakanifanyia ukungu. Kwa Kibarani nilisoma zote. Nilidhani ni zote.

Mwaka huu magoti yamekataa. Mnunuzi aliniambia nipumzike, na nadhani alifarijika, maana siku hizi watu wanaulizana kwa simu. Alhamisi ya mwisho nilikwenda kumuaga Msimamizi. Sakafu ya duka ilikuwa inapigwa saruji, mtungi umetolewa uani, juani. Nikaweka kata kando, nikakiinua kifuniko ninywe. Jua likakipiga, nikaona mifereji.

Nilisimama nacho mkononi kama mwizi.

"Kunywa basi, maji yatapata moto," Msimamizi alisema.

"Mama, hebu nisomee hapa. Hapa katikati. Mimi sioni."

Akavaa miwani, akakielekeza kwenye mwanga kama chupa ya dawa, akasoma tarakimu moja moja, polepole, asikosee. Ilikuwa namba ya jalada.

"Ni nini?" akauliza.

"Ni mama yangu mkubwa."

Ilibidi nimweleze upya. Alipoelewa alikaa juu ya ndoo. "Mbona hukuniuliza habari ya kifuniko?" akasema. Nikamjibu kwamba sikuwahi kukitazama, nilitazama maji. Akaikausha santuri kwa kanga yake, akanipa.

Mama Mkubwa na Dada Saumu nikawapeleka dukani kwa Mnunuzi, kwenye mashine yake. Upande wa juu ulikuwa umekwisha, kata imeula. Upande wa chini, mdomo wa mtungi ulikuwa umechimba duara zima, na sindano ilipofika hapo iliruka kama panzi. Mnunuzi akataka kuizima. Lakini wimbo wa mwisho uko ndani karibu na kitovu, na sehemu hiyo miaka yote ilining'inia juu ya maji, haikuguswa na chochote. Sindano ikavuka, ikatulia. Msichana akaimba.

Mama Mkubwa aliinamisha kichwa. "Hapo nimechelewa kuingia," akasema. "Mpiga fidla alinikanyaga mguu."

Wimbo ukaisha. Dada Saumu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, turudie."

"Mimi nilipiga makofi tu. Mwombe aliyeimba."

Akaombwa. Tukarudia mara nne.

Sijui kama nilikuwa mtu hodari katika kazi hii. Vitabu vya Mnunuzi vinasema nilileta vitu vizuri, na sikatai. Ila kitu kimoja nilichotumwa na mtu wangu nilikiinua kwa mkono wangu kila wiki, nikanywa, nikakirudisha mahali pake. Wewe utakayeishika kazi hii baada yangu, nakuomba: soma namba.

Mtungi wa watu haukai wazi. Nilimtafuta seremala, nikachongesha kifuniko cha mbao chenye kishikio, nikampelekea Msimamizi mwenyewe Kibarani. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru sana, akakigeuza huku na huku, akakitumbukiza kwenye beseni la sabuni.