Nilivyokalia Sufuria la Msiba

Bosi wangu alisema nimelidhalilisha koti jeupe. Bibi afya wa manispaa, mtu mzima na heshima zake, anakalia sufuria la wali msibani, mtaa wa Itetemia, watu wanamtazama. Ni kweli nililikalia. Sikatai hata chembe.

Wiki ile kipindupindu kilikuwa kimeingia mtaani. Mama mmoja mzee alifia nyumbani, na binti zake wawili wakamwosha wenyewe kabla sisi hatujapata habari. Tulipofika alikuwa ameshazikwa. Binti wale wale, macho yamewavimba kwa kulia, walikuwa wamekaa kando ya sufuria lililoepuliwa, tayari kupakua wali na kuusawazisha kwenye masinia kwa mikono ile ile. Watoto wameshajipanga mkekani. Wali haukuwa na kosa, umetoka motoni sasa hivi. Kosa lilikuwa mikono.

Bosi alimfuata mtoto wa kiume wa marehemu, akamweleza kanuni zote. Yule bwana alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, tumekuelewa. Ila leo tuacheni tumlilie mama yetu." Bosi akaninong'oneza, "Twende zetu, kesho tutarudi na barua."

Kesho! Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakapata moto. Kipindupindu hakisomi barua.

Ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni Mzaramo na wale ni Wanyamwezi, watani wangu tangu babu zao walipokuwa wakishuka pwani na misafara. Bibi afya anaweza kufukuzwa msibani, mtani hafukuzwi. Nikafunika lile sufuria, nikakunja kanga mara nne, nikaiweka juu ya kifuniko, nikakaa. Lilikuwa la moto, nisiwadanganye.

"Hali mtu hapa," nikasema. "Babu zenu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka kwetu. Leo wajukuu mmeshindwa kushusha ndoo ya maji ya dawa kwenye gari letu, mnawe?"

Mdogo wake marehemu, bibi wa makamo, akacheka huku machozi yanamtoka. "Huyu Mzaramo hana haya," akasema. "Leteni hiyo ndoo, asije akaungua makalio tukalaumiwa bure."

Sikuinuka mpaka wote wamenawa. Wale binti walinawa hadi viwikoni, wakakaa kando. Akapakua mwingine, kwa upawa, kila mtoto na sahani yake.

Kesho yake, barua ikiwa bado inasubiri muhuri, mmoja wa binti wale alianza kuharisha. Tulimwahi, akapona. Kati ya watoto wa mkekani hakuugua hata mmoja.

Bosi bado alitaka maelezo yangu kwa maandishi. Nikamwandikia mstari mmoja: nilikaa kwa haki ya utani, na likiepuliwa jingine nitalikalia.